Tanuri linatoa joto lakini sasa linapiga kelele: nimwite tena fundi wetu?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Sisi ni familia ya Kitanzania tunaoishi Saint Paul, Minnesota, katika nyumba ya zamani yenye chumba cha chini ya ardhi ambamo limefungwa tanuri la gesi linalopasha joto nyumba nzima. Mwezi Januari, usiku wa baridi kali, tanuri lilikuwa likiwaka lakini hewa ya moto haikutoka kwenye matundu ya vyumbani. Tulimpigia simu fundi wetu, ndugu Mkenya mwenye leseni ambaye amezihudumia familia nyingi za Afrika Mashariki hapa mjini, naye alifika usiku ule ule. Alituambia kwamba mota ya feni kubwa imeungua, akatoa nyingine kwenye gari lake, akaifunga pamoja na kepasita mpya, kile kifaa kidogo cha umeme kinachoisaidia mota kuzunguka. Tulimlipa dola 650, nyumba ikapata joto, tukamshukuru kwa moyo wote.

Tangu usiku huo tanuri linapiga kelele ambazo hazikuwapo zamani. Feni inapoanza tu, mabati yote yanatetemeka na mvumo unasikika hadi ghorofani. Baadaye kidogo kishindo kimoja kinagonga ndani ya njia za hewa. Na mlango wa chumba cha watoto ukifungwa, unapiga mluzi kwa chini. Mume wangu anasema tuvumilie, kwa kuwa joto lipo, fundi huyu ametufaa wakati wa shida, na kumwita arudi ni sawa na kumwambia kwamba hajui kazi. Wakati huohuo kampuni nyingine ilitangaza ukaguzi wa bure, mtu wao akaja, akasikiliza kwa dakika chache, akasema tanuri lote libadilishwe. Naomba kujua kama kelele hizi ni za hatari, kama kosa ni la fundi, na kama ndivyo, nitamwelezaje bila kumvunjia heshima.

Mama wa nyumba, Saint Paul

JIBU

Dada yangu, mwite fundi wako arudi, tena usingoje baridi iishe. Kelele ulizozieleza si za aina inayotulazimu kuzima tanuri na kutoka nje ya nyumba, lakini zilianza siku ile ile mota ilipobadilishwa, na kelele za namna hiyo huwa na sababu inayoonekana kwa macho au inayopimika kwa kipimo. Fundi aliyeifunga mota ndiye anayejua ile ya zamani aliikuta katika hali gani, alilazimika kupiga nyundo wapi, na waya upi aliunganisha na upi. Mtu mwingine yeyote ataanza kwa kubahatisha, na kubahatisha huko utakulipia wewe.

Niseme kwanza habari za usalama, maana hizo hazina subira. Mkisikia harufu ya yai viza, ambayo hutiwa kwa makusudi kwenye gesi asilia ili ikivuja ijulikane, msiwashe wala kuzima taa, na msipige simu mkiwa ndani. Tokeni nyote, na mkishakuwa mbali na nyumba ndipo mpigie simu kampuni ya gesi au namba 911. Kengele ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, ikitoa milio minne ya mfululizo, ikanyamaza, kisha ikarudia, tokeni vilevile. Mlio mmoja mfupi unaorudi kila baada ya muda ni wa betri iliyochoka au wa kengele iliyofikia mwisho wa umri wake. Sheria ya Minnesota inataka kengele hiyo iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, na ninakuomba uhakikishe leo hii kwamba yenu ipo na inafanya kazi. Wengi hawajui kwamba kengele za kawaida za nyumbani zimetengenezwa zisilie upesi kwa kiasi kidogo cha sumu hiyo: kwenye kiwango cha sehemu 70 katika milioni, kengele inaweza kukaa saa 1 hadi 4 kabla ya kulia. Kwa hiyo watu wote wa nyumba wakipata maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na hali hiyo ikawapungua wanapokuwa nje, msijifariji kwamba kengele haijalia.

Sasa tuje kwenye kelele zenyewe. Tanuri la gesi hufanya kazi kwa utaratibu usiobadilika, na ukiufahamu utaweza kumweleza fundi kelele inatokea katika hatua ipi, jambo ambalo litamsaidia kuliko kumwambia tu kwamba tanuri linanguruma. Themostati, yaani kidhibiti joto cha ukutani, inapoomba joto, kitu cha kwanza kuzunguka ni feni ndogo ya kutolea moshi nje. Feni hiyo ikishavuta hewa ya kutosha, swichi ya presha huruhusu hatua inayofuata, kiwashio huiva hadi kung'aa, valvu ya gesi hufunguka, na moto hushika kwenye vichomeo. Kwa muda wa nusu dakika hivi, au zaidi kidogo, moto huwaka ukipasha vyumba vya chuma ambavyo moshi hupita ndani yake. Halafu ndipo feni kubwa, hiyo iliyobadilishwa mota, huanza kusukuma hewa ya nyumba ipite nje ya vyuma hivyo na kwenda vyumbani. Joto likitosha, moto huzimika, lakini feni kubwa huendelea kuzunguka kwa dakika moja au mbili hivi ili imalizie joto lililobaki kwenye chuma.

Kelele zako zote tatu, kwa jinsi ulivyoandika, huanza baada ya feni kubwa kuanza. Hakuna hata moja inayotokea wakati gesi inafunguka au moto unaposhika, na hilo ndilo lililonipa utulivu niliposoma barua yako. Tatizo lako, kwa kadiri kubwa, ni la hewa na vyuma vinavyozunguka, si la moto.

Nianze na mtetemo. Ndani ya feni hiyo kuna gurudumu la bati lenye mapanga mengi membamba, limekaa kwenye mhimili wa mota na kukazwa kwa skrubu moja ndogo ambayo inapaswa kuegemea upande bapa wa mhimili. Kwenye tanuri lenye umri mkubwa, gurudumu huwa limeshikana na mhimili kwa kutu, na kulitoa usiku wa manane kwa ajili ya kuokoa familia isigande si kazi nyepesi: fundi hulisugua, hulipaka mafuta, hulivuta kwa kifaa, na wakati mwingine hulipiga. Pigo moja lisilo mahali pake latosha kulipinda kidogo, au kuangusha kile kipande kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye panga moja kiwandani ili kulipa gurudumu mizani. Baada ya hapo gurudumu huzunguka kwa kuyumba kama pangaboi lenye panga lililopinda, na mtikisiko wake husambaa kwenye sanduku la tanuri na mabati yote yaliyoungana nalo. Sababu nyingine ni nyepesi zaidi: skrubu ya gurudumu haikukazwa barabara, raba ndogo zinazotenganisha miguu ya mota na chuma zimechakaa au hazikurudishwa, au gurudumu halikukaa katikati na linagusa ukuta wa sanduku lake. Hilo la mwisho hulitambua kwa mkwaruzo unaofuata mzunguko.

Kishindo cha kwenye njia za hewa na mluzi wa mlango vinanielekeza kwenye jambo la pili, nalo ni kwamba huenda feni sasa inasukuma hewa nyingi kuliko ilivyokuwa ikisukuma. Mota ambazo mafundi hubeba garini ni za kutumika kwenye matanuri ya aina nyingi, na zina nyaya za mwendo wa kasi, wa wastani na wa taratibu. Nyumba yenye kiyoyozi kinachotumia feni hiyo hiyo huwa na mwendo mmoja kwa ajili ya joto na mwingine, wa kasi zaidi, kwa ajili ya ubaridi. Nyaya hizo zikipishana, au fundi akichagua mwendo wa kasi kwa kuwa hakupata maelezo ya mota ya zamani, tanuri litaupuliza mwendo wa kiangazi katikati ya Januari. Hewa ikizidi, bati pana la njia ya hewa hubonyea na kurudi kwa kishindo, hasa linapokuwa pia linatanuka kwa joto. Na katika nyumba nyingi za zamani, tundu la kurudishia hewa kwenye tanuri liko kwenye ujia tu, halimo vyumbani. Hivyo mlango wa chumba ukifungwa, hewa iliyosukumwa humo haina pa kupitia isipokuwa chini ya mlango, ndiyo maana unapiga mluzi. Mluzi huo ni ushahidi mzuri sana, na ninakuomba usisahau kumtajia fundi.

Nisimwonee fundi wako, hata hivyo. Mota haiungui ghafla kila mara. Mara nyingi huchoka polepole, ikizunguka kwa uvivu kwa misimu miwili au mitatu huku wenye nyumba wakizoea ukimya wake. Ikifungwa mpya yenye nguvu kamili, baadhi ya sauti unayoisikia inaweza kuwa ni sauti ambayo tanuri lilistahili kuwa nayo tangu mwanzo. Kutofautisha hali hizi mbili hakufanyiki kwa masikio, si yangu wala ya fundi. Hufanyika kwa vipimo viwili.

Kipimo cha kwanza ni cha ongezeko la joto. Kwenye kibao cha chuma kilichobandikwa ndani ya mlango wa tanuri pameandikwa kiwango cha nyuzi ambazo hewa inatakiwa kuongezeka inapopita, kwa mfano kati ya 40 na 70 za Fahrenheit. Fundi hupima joto la hewa inayorudi tanurini na joto la hewa inayotoka, akatoa moja kwenye nyingine. Jibu likiwa chini ya kiwango, hewa ni nyingi mno, na kwenye tanuri la zamani lenye bomba la moshi la chuma, hali hiyo hufanya mvuke ugeuke maji ndani ya vyuma na kuvila kwa kutu. Jibu likiwa juu ya kiwango, hewa ni chache, vyuma vinapata joto la kupita kiasi, swichi ya usalama inazima moto mara kwa mara, na siku moja chuma hupasuka. Kipimo cha pili ni cha mgandamizo wa hewa kwenye njia zake; matanuri mengi ya nyumbani yameandikiwa kikomo cha nusu inchi ya maji, inchi ya maji ikiwa ni kizio cha kupimia mgandamizo mdogo. Vipimo vyote viwili havimalizi hata nusu saa kwa fundi mzoefu, na baada ya kubadilisha mota vilipaswa kufanywa. Usiku ule pengine havikufanywa, na kwa baridi ya Minnesota ninamwelewa fundi aliyetaka kwanza watoto walale kwenye joto. Lakini kazi iliyobaki inabaki kuwa kazi.

Kabla ya kumpigia simu, kuna mambo machache unayoweza kuyafanya mwenyewe bila hatari. Zima tanuri kwa swichi iliyo karibu nalo, kisha utoe filta uitazame. Ikiwa imejaa vumbi, weka mpya. Ikiwa ni mpya lakini ni nene na nzito, ya daraja la MERV 13 kwa mfano (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kunasa vumbi), na unene wake ni inchi 1 tu, huenda inaikaba hewa, kwa hiyo jaribu ya daraja la chini kidogo na usikilize. Hakikisha mshale uliochorwa pembeni mwake unaelekea kwenye feni. Fungua matundu yote ya vyumbani, hata ya vyumba visivyotumika, kwa sababu kuyafunga huongeza mgandamizo na kelele. Halafu washa tena, ngoja feni ianze, uweke kiganja chako kwenye mlango wa bati wa mbele ya tanuri na kuusukuma kidogo. Kelele ikikoma pale pale, mlango haukukaa sawasawa kwenye vishikio vyake, na tatizo kubwa linaweza kuwa limekwisha hapo. Usifungue sehemu ya vichomeo, na usiifunge kwa gundi ile swichi ndogo ambayo huzima tanuri mlango ukiwa wazi. Nimewaona watu wakifanya hivyo ili waone feni ikizunguka, na vidole vyao vilikuwa karibu mno.

Rekodi pia sauti kwa simu yako tangu themostati inapoomba joto hadi feni inapozimika. Kelele zina tabia ya kunyamaza fundi akiwapo.

Nimekuja sasa kwenye swali ambalo nadhani ndilo lililokulemea kuliko mengine. Muhali ni kitu kizuri baina yetu, hasa huku ugenini ambako fundi wako ni fundi na ni ndugu pia. Lakini muhali unaomnyima mtu habari za kazi yake mwenyewe haumsaidii. Mficha uchi hazai. Fundi huyo anaishi kwa jina lake, na katika jamii ndogo kama ya Waafrika Mashariki wa Saint Paul na Minneapolis, jina huharibika kwa maneno yanayosemwa kwenye sherehe na misiba wakati yeye hayupo. Kumwita yeye kwanza, kabla hujamsimulia mtu mwingine, ndiyo heshima yenyewe. Katika kazi hii kurudi kuangalia ulichokifunga ni jambo la kawaida, na wengi wetu mafundi hatutozi chochote kwa ziara ya namna hiyo. Unaweza kumwandikia hivi:

«Kaka, habari za kazi na familia? Tunakushukuru sana kwa kuja usiku ule. Nyumba ina joto na watoto wanalala vizuri. Ila tangu siku ile feni ikianza mabati yanatetemeka, baadaye kidogo panasikika kishindo kwenye njia za hewa, na mlango wa chumba cha watoto unapiga mluzi ukifungwa. Filta ni mpya na matundu yote yako wazi. Nimerekodi sauti, nakutumia. Naomba wiki hii ukipata nafasi uje na kipimo cha joto na cha mgandamizo wa hewa, tuangalie pamoja.»

Angalia kwamba ujumbe huo haumlaumu mtu, wala haumwambii fundi sababu ni nini. Unampa anayoyahitaji na kumwomba vipimo. Akija, mwombe akuandikie matokeo kwenye risiti ile ile ya kazi, na kama hukupewa risiti usiku ule, iombe sasa, kwa sababu dhamana ya mota kutoka kiwandani huhitaji tarehe na namba ya kifaa. Muulize pia dhamana ya kazi ya mikono yake ni ya muda gani.

Kuhusu kosa ni la nani, msimamo wangu ni huu. Ikiwa ni skrubu, raba, gurudumu lililopinda wakati wa kulitoa au waya wa mwendo usio wake, hiyo ni sehemu ya kazi mliyokwisha kuilipia, na haitakuwa haki akutoze tena. Ikiwa mota iko sawa, gurudumu liko sawa, na vipimo vikaonyesha kwamba njia za hewa za nyumba ni nyembamba tangu zilipojengwa, hapo fundi hana deni. Mota mpya imefichua tu tatizo la nyumba, na kuongeza tundu la kurudishia hewa au kukaza bati kwa ukingo wa chuma ni kazi mpya yenye malipo yake. Kwa mlango wa watoto, hata kuukata kidogo kwa chini au kuuacha wazi nusu kutatuliza mluzi wakati mnasubiri.

Yule mtu wa ukaguzi wa bure simwiti mwongo, kwa sababu sikuwapo. Lakini mtu hawezi kuhukumu kwamba tanuri zima limekwisha kwa kusikiliza kelele ya feni. Kama alisema vyuma vimepasuka, hilo ni jambo zito na halipuuzwi. Mtake akuonyeshe picha ya ufa wenyewe na akuandikie kiwango cha kaboni monoksaidi alichokipima, kisha fundi wako au fundi wa tatu asiyeuza matanuri athibitishe. Asiyeweza kuonyesha chochote usimtilie saini siku hiyo hiyo. Na kama mlikwisha kutia saini mkataba wa ununuzi nyumbani kwenu, yapo mazingira mengi ambamo sheria ya shirikisho la Marekani humpa mnunuzi siku 3 za kazi za kuufuta, kwa hiyo someni karatasi zenu upesi.

Fundi akirudi mara mbili na kelele ikabaki ile ile bila vipimo vyovyote kuandikwa, hapo una ruhusa kamili ya kutafuta macho mengine, na umwambie wazi kwamba unafanya hivyo.

SWALI

Mshauri wetu,

Mimi ni mpangaji hapa Des Moines, Iowa. Tanuri letu lilikataa kuwaka, mwenye nyumba akamtuma fundi wake wa miaka mingi, akabadilisha kiwashio. Tangu hapo, kila linapotaka kuwaka panakuwa na kimya cha sekunde kadhaa baada ya gesi kusikika, kisha mshindo mkubwa unaofanya mlango wa bati uruke. Mwenye nyumba anasema anamwamini fundi wake kuliko masikio yetu, na kwamba matanuri yote hulia. Je, ni kweli?

Mpangaji, Des Moines

JIBU

Ndugu yangu, si kweli, na hali yako ni tofauti kabisa na ya dada wa Saint Paul. Yeye anasikia feni. Wewe unasikia gesi iliyojikusanya ikiwaka yote kwa mara moja. Shusha themostati, zima swichi iliyo kando ya tanuri, na usiliwashe tena mpaka lishughulikiwe. Kama unasikia na harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote: tokeni nje na mpige simu mkiwa huko, kama nilivyoeleza hapo juu.

Moto unatakiwa kushika kwenye kichomeo cha kwanza mara tu gesi inapofika, kisha urukie kichomeo cha pili na cha tatu kupitia vitundu vidogo vinavyoviunganisha. Baada ya kubadilisha kiwashio, mambo kadhaa huweza kuuchelewesha: kiwashio kipya kimekaa mbali na mahali pake, vichomeo vilitolewa na havikurudishwa kwa usawa, au kutu iliyotikiswa wakati wa kazi imeanguka na kuziba vile vitundu. Huenda pia msukumo wa gesi haukupimwa. Kwa matanuri mengi ya gesi asilia hutakiwa kuwa inchi 3.5 za maji baada ya valvu, na kwa propani inchi 10. Kila mshindo hudhoofisha vyuma vinavyotenganisha moshi na hewa mnayoivuta, na vyuma hivyo vikipasuka, kaboni monoksaidi hupata njia ya kuingia vyumbani. Moto pia unaweza kurudi nje kwa mbele na kuunguza nyaya.

Mwandikie mwenye nyumba leo, kwa maandishi, ukitaja tarehe ya matengenezo na kumwambia kwamba tanuri linachelewa kuwaka na kulipuka, na kwamba umelizima kwa usalama. Mtumie video kama uliichukua kabla. Usiliwashe tena kwa ajili ya kurekodi. Huna haja ya kumtukana fundi wake, kwa maana fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi akiiona video hiyo ataelewa mwenyewe na atakuja haraka. Mwenye nyumba akikataa au akinyamaza, piga simu kwa ofisi ya jiji inayokagua nyumba za kupangisha, umweleze afisa kwamba nyumba haina joto katika majira ya baridi na sababu yake.

Wakati mnangoja, msitumie jiko la gesi wala oveni kupasha nyumba joto, na jiko la mkaa lisiingie ndani hata kwa dakika chache. Hita ya umeme inafaa ikichomekwa moja kwa moja ukutani, bila waya wa kuongezea, na ikae futi 3 mbali na mapazia, magodoro na nguo, na izimwe mnapolala.

SWALI

Tanuri letu ni lile lenye mabomba meupe ya plastiki. Fundi alilifanyia usafi wa mwaka, na tangu aondoke linatoa sauti ya maji yanayobubujika, hasa linapoanza. Yeye ni mtu mwaminifu na sitaki kumsumbua bure.

Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU

Humsumbui bure. Matanuri ya aina hiyo hunyonya joto kutoka kwenye moshi mpaka mvuke wake unageuka maji, na maji hayo hutoka kupitia mtego mdogo wa plastiki ambao lazima ubaki na maji ndani yake ili feni ya moshi isivute hewa kupitia humo. Fundi akiuosha mtego na kuurudisha ukiwa mkavu, feni huvuta hewa na maji kwa pamoja, na sauti yake ni hiyo ya kububujika. Kwa kawaida mtego hujaa wenyewe na sauti hukoma baada ya tanuri kufanya kazi kwa muda. Ikiendelea baada ya siku moja, basi mpira wa kutolea maji umebonyea, umeelekezwa juu, au una uchafu, na maji yakirudi nyuma swichi ya presha italizuia tanuri kuwaka usiku ambao mtalihitaji zaidi. Mpigie leo umweleze kwamba sauti ni ya maji na kwamba ilianza baada ya usafi. Atajua pa kushika mara moja. Mpaka atakapofika, tazama sakafu chini ya tanuri asubuhi na jioni, na ukiona maji yanavuja karibu na kisanduku cha nyaya, lizime.